Mti wa ukoo, mahojiano, kitu cha nyumbani au ramani: mradi upi wa historia ya familia umfae mwanafunzi wako?

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wa Gredi ya Nne, ya Tano au ya Sita wachunguze historia ya familia zao hugundua upesi kwamba wazo ni moja lakini njia za kulitekeleza ni nyingi. Wapo wanaompa mtoto karatasi ya manila achore mti wa ukoo. Wapo wanaomtuma akamhoji babu au bibi. Wengine humwambia alete kitu kimoja cha zamani kutoka nyumbani akieleze mbele ya wenzake, na wengine humpa ramani aonyeshe familia yake ilitoka wapi na ikapitia wapi hadi ikafika Mombasa. Wazazi nao, ambao ndio watakaokesha na mtoto usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, huulizana ni njia ipi isiyowatesa na wakati huohuo yenye faida.

Nimefundisha watoto wa umri huu pande zote mbili za kivuko cha Likoni, na njia zote nne nimezitumia darasani, nyingine kwa mafanikio na nyingine kwa majuto. Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji anisome akiujua: naamini uchaguzi uanzie kwenye nyumba ya mtoto, yaani nani yupo, kuna nini, na mambo gani yanaweza kusemwa mbele za watu, kabla ya mtu kufikiria ukuta wa darasa utakavyopendeza.

Vigezo vya kupimia

Nimezipima njia zote nne kwa mambo yaleyale. Kwanza ni kinachohitajika, yaani muda, vifaa na watu wazima ambao mtoto hawezi kufanya kazi bila wao. Pili ni anachojifunza mtoto, nami hapa sizungumzii usafi wa mwandiko wala uzuri wa rangi, bali ustadi wa utafiti wenyewe, kama vile kuuliza, kusikiliza, kulinganisha kauli mbili na kukadiria mwaka. Tatu ni uhakiki, yaani jinsi mtoto anavyoweza kujua kwamba alichoambiwa kina msingi, kwa sababu mradi usiomfundisha kuhakiki humfundisha kunakili tu. Nne ni hadhari, maana familia ina siri zake, ina misiba yake na ina mambo ambayo mtoto wa miaka kumi hapaswi kuyabeba hadi shuleni. Mwishoni mwa kila njia nimetaja ni nani hasa inayemfaa.

Njia ya kwanza: mti wa ukoo

*Kinachohitajika.* Karatasi, penseli, na mtu mzima mmoja anayeyajua majina. Juma moja linatosha. Hesabu yake ni nyepesi kueleweka: wazazi ni wawili, babu na bibi ni wanne, na wazazi wao hao ni wanane, kwa hiyo mti wa vizazi vitatu juu ya mtoto una nafasi kumi na nne. Katika madarasa yangu nafasi za wale wanne hujazwa karibu zote, na kwenye wale wanane ndipo familia nyingi huanza kupigiana simu. Mtoto wa hapa kwetu ana bahati kwamba jina lake kamili huenda tayari limebeba vizazi vitatu. Anayeandikwa Ali Khamisi Juma kwa kawaida ni Ali, mwana wa Khamisi, mwana wa Juma, na akiongeza jina moja tu la upande wa babu amekwisha panda ngazi nyingine. Kwa sababu hiyohiyo, fomu za kigeni zinazodai jina moja la ukoo linalorithiwa na kila mtu hazitufai, na afadhali zisitumike kabisa.

*Anachojifunza mtoto.* Hujifunza mpangilio wa vizazi na msamiati wa jamaa ambao watoto wa siku hizi wanaupoteza kwa kumwita kila mtu mzima "anko" na "anti". Kwenye mti lazima ajue tofauti ya ami na mjomba, ya shangazi na khaloo, na ajue kwamba mtoto wake atakuwa mjukuu wa wazazi wake, kisha aje kitukuu, kisha kilembwe. Majina yenyewe nayo ni ushahidi. Juma na Khamisi huelekeza kwenye siku ya kuzaliwa, Pili na Tatu huelekeza kwenye nafasi ya mtoto katika uzao. Kwa Waluo, Otieno huashiria usiku na Okoth huashiria mvua. Kwa Wakikuyu, desturi humpa mwana wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama, kiasi kwamba jina moja hurudi kila baada ya kizazi kimoja, na mtoto asipoandika alama ya kutofautisha atamchanganya babu na ndugu yake mwenyewe.

*Uhakiki.* Majina yanaweza kulinganishwa na vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na vyeti vya ndoa. Miaka ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa tarehe za kuzaliwa za wazee wengi ziliandikwa kwa makadirio, na mtoto afundishwe kuandika "karibu na 1950" badala ya kuukumbatia mwaka mmoja kana kwamba hauna shaka.

*Panapotaka hadhari.* Hapa ndipo nilipokosea mimi. Mwaka wa kwanza kuutoa mradi huu niligawa fomu yenye visanduku vilivyochorwa tayari, baba upande mmoja, mama upande wa pili, na babu na bibi wamepangwa juu yao. Msichana mmoja aliirudisha karatasi ikiwa imetoboka mahali pa baba. Alikuwa ameandika jina akalifuta, akaandika jingine akalifuta tena, hata raba ikala karatasi, kisha akaibandika selotepu kwa nyuma na kukiacha kisanduku kitupu. Hakusema neno, nami sikumuuliza mbele ya wenzake, lakini fomu ile sijaitumia tena tangu siku hiyo.

Tangu hapo hugawa karatasi tupu, na swali la kwanza huwa ni "nani wanakulea?" Anayelelewa na bibi humwandika bibi kwenye shina. Anayetoka kwenye nyumba ya wake wawili huchora matawi mawili bila kujieleza. Anayejua upande wa mama peke yake huukuza upande huo, na si kasoro yoyote, kwani Wadigo na Waduruma kimila wameupa ukoo wa mama uzito mkubwa katika kuhesabu jamaa na mirathi. Mti wenye tawi moja refu ni mti vilevile.

*Unayemfaa.* Mtoto mwenye angalau mtu mzima mmoja anayeikumbuka jamaa, darasa lenye muda mfupi, na familia inayotunza nasaba, kama walivyo wengi wa wenyeji wa Mji wa Kale ambao majina ya mababu husomwa nyumbani kama darasa.

Njia ya pili: mahojiano na mzee

*Kinachohitajika.* Mzee mmoja aliye tayari, simu ya kurekodia, daftari, na majuma mawili: moja la kutunga maswali na kupanga miadi, la pili la kuhoji, kusikiliza tena na kuandika. Mzee si lazima awe babu au bibi wa damu. Jirani aliyeishi mtaani Majengo au Kisauni kwa miaka mingi hutosha. Simu ijaribiwe kwa dakika moja kabla ya mazungumzo, kwa sababu barazani hapakosi adhana, bodaboda na kelele za wanaocheza mpira, na hakuna linalovunja moyo kama kurudi nyumbani na sauti ya upepo. Dakika ishirini hadi thelathini zinatosha kwa mtoto na kwa mzee pia. Mtoto aamkie kwanza, "Shikamoo bibi," akae, aeleze kazi yake, aombe ruhusa ya kurekodi, kisha ataje mwanzoni mwa rekodi jina la mzee, tarehe na mahali. Mzee asilazimishwe Kiswahili cha darasani. Kama Kigiriama, Kikamba au Kijaluo ndicho kinachomtoka vizuri, azungumze hivyo, na mzazi amsaidie mtoto kufasiri baadaye, kwa kuwa kuna maneno ya kilimo, ya uvuvi na ya arusi yanayokufa pindi mtu anapohamia lugha nyingine.

*Anachojifunza mtoto.* Hujifunza kuuliza, na huu ndio ustadi ninaouthamini kuliko yote katika mradi wa namna hii. Mwanafunzi akiuliza "Bibi, maisha ya zamani yalikuwaje?" hujibiwa "Yalikuwa mazuri, mjukuu wangu," na mazungumzo yakafa papo hapo. Akiuliza "Bibi, asubuhi ya kwenda shule mlikuwa mkinywa nini, na nani aliyeipika?" mlango hufunguka. Nakumbuka kijana mmoja wa Gredi ya Tano aliyemuuliza bibi yake swali dogo sana, kwamba alikuwa akivukaje kutoka Nyali kwenda kisiwani alipokuwa msichana. Bibi alimsimulia daraja la zamani lililoelea majini, likipanda na kushuka pamoja na bahari, na namna yeye alivyofumba macho hadi gari lifike ng'ambo huku ameishika leso ya mama yake kwa mikono miwili. Kijana aliandika kurasa tatu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika zaidi ya ukurasa mmoja.

*Uhakiki.* Wazee wengi hawasemi miaka, husema matukio, na kazi ya mtafiti mdogo ni kuyageuza matukio kuwa miaka. Kwa hiyo kabla ya mahojiano huandika ubaoni nguzo chache za kufungia kumbukumbu. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa 1931 na daraja jipya 1980. Uhuru ulikuwa tarehe 12 Desemba 1963, na shilingi ya Kenya ilianza kutumika 1966 badala ya ile ya Afrika Mashariki. Aliyefanya mtihani wa CPE alimaliza shule ya msingi kabla ya 1985, na aliyefanya KCPE alimaliza kati ya 1985 na 2023. Mvua za El Niño zilikuwa za 1997 na 1998, na treni mpya ya kwenda Nairobi ilianza 2017.

Bibi wa kijana yule alisema alilivuka daraja jipya kwa mara ya kwanza akiwa amembeba mzaliwa wake wa kwanza mgongoni. Mzaliwa huyo ni ami wa kijana, na cheti chake kinasema 1979. Kauli ya bibi na karatasi ya ami zikakutana, na mtoto akaona kwa macho yake jinsi kumbukumbu inavyothibitishwa. Inapotokea wasimuliaji wawili kupingana, babu akisema walihamia Changamwe kwa ajili ya kazi ya bandarini na bibi akisema walikimbia ugomvi wa shamba, mwanafunzi aandike kauli zote mbili na majina ya waliozisema. Asichague mshindi.

*Panapotaka hadhari.* Swali la mtoto linaweza kugusa kidonda asichokijua. Zipo nyumba za Likoni na Mtongwe ambazo tarehe 29 Aprili 1994 haitajwi ovyo, kwa sababu siku hiyo feri ilizama Mtongwe na watu 272 wakafa. Zipo nyumba zenye kesi za mashamba zisizokwisha, na zipo ambazo ndugu hawasemezani. Mtoto aambiwe mapema kwamba mzee akinyamaza au akibadilisha mazungumzo, ukimya huo uheshimiwe, na swali linalofuata liwe la jambo jingine kabisa. Rekodi nayo ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi pale data ya mtoto inapohusika, na hata pasipokuwa na sheria, sauti ya bibi wa mtu haifai kuzungushwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi bila bibi mwenyewe kukubali.

*Yanayemfaa.* Mtoto anayeishi karibu na mzee au anayeweza kumpigia simu, mtoto msikivu hata kama mwandiko wake ni dhaifu, na mwalimu aliye tayari kusikiliza rekodi arubaini au kuwagawa wanafunzi katika vikundi vya wanne, kila kikundi na mzee mmoja. Asiye na muda huo asiuanze mradi huu, kwa kuwa mtoto aliyerekodi kwa moyo wake wote na asisikilizwe hudhani sauti ya bibi yake haina thamani.

Njia ya tatu: kitu kimoja cha nyumbani

*Kinachohitajika.* Kitu kimoja, au picha yake, na maelezo ya nusu ukurasa. Siku tatu zinatosha. Kitu hakihitaji kuwa cha thamani. Leso, kinu, cherehani, redio ya betri, cheti cha zamani cha shule, picha yenye maandishi nyuma yake, vyote vinaingia.

*Anachojifunza mtoto.* Hujifunza kutazama kabla ya kuuliza. Mwanafunzi wangu mmoja alileta mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa ya bibi yake marehemu, na wenzake walipoiangalia kwa karibu waliona kwamba meno ya chuma yamelika upande mmoja tu. Hakujua sababu. Alirudi nyumbani akauliza, na kesho yake akaja na jibu kwamba bibi alikuwa na mashoto na alikuna nazi za biashara ya vitumbua kila alfajiri. Chuma kile kilikuwa kimehifadhi mkono wa mtu ambaye mtoto mwenyewe hakuwahi kumwona.

*Uhakiki.* Vitu vingi hujisemea vyenyewe. Senti ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati ina mwaka umeandikwa juu yake, na hapohapo mtoto anaweza kuuliza babu alikuwa na umri gani mwaka ule. Leso ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina, yaani maandishi yake, na nyingine huwa na alama ya mwenye kuitoa iliyochapwa pembeni, kama ile ya K.H.E. Mali ya Abdulla inayojulikana kwa kila aliyewahi kununua leso Mtaa wa Biashara. Mtoto akiisoma methali ya leso na kuuliza ilinunuliwa kwa sababu gani, na nani alikusudiwa aisome, atapata hadithi ambayo hakuna cheti kinachoweza kumpa. Wachache wanaweza kukuta nyumbani kipande, ile karatasi ya utambulisho ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kutembea nayo. Darasa linaloweza kufika Fort Jesus lianzie huko, kwani ngome hiyo iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ikawa gereza chini ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958, sasa ni makumbusho, na watoto wataona jinsi kadi fupi inavyotaja kitu ni nini, kimetengenezwa kwa kitu gani, cha lini na kilipatikana wapi. Waandike kadi zao kwa mfano huo.

*Panapotaka hadhari.* Vitu hupotea na huvunjika. Kitu kisichoweza kununuliwa tena kibaki nyumbani na picha ije shuleni. Jambo la pili ni ukwasi: kasha la misumari ya shaba likiwekwa mezani karibu na kikombe cha bati, watoto huona tofauti upesi, na mwalimu ana wajibu wa kuuliza maswali mengi kwa kikombe kama anavyouliza kwa kasha.

*Kinayemfaa.* Mtoto mwenye aibu ya kuzungumza juu ya watu lakini anayeweza kuzungumza juu ya kitu, hata mtoto mdogo wa Gredi ya Tatu, na nyumba ambayo wazee wamekwisha kufariki.

Njia ya nne: ramani ya safari za familia

*Kinachohitajika.* Ramani ya Kenya au ya Afrika Mashariki na Bahari ya Hindi, uzi au kalamu za rangi, na mtu mzima anayejua familia ilitoka wapi. Siku nne au tano zinatosha.

*Anachojifunza mtoto.* Huunganisha nyumba yake na historia ya mji. Mombasa ni mji wa kufika, na karibu kila mstari utakaochorwa una sababu inayojulikana. Reli iliyoanza kujengwa hapa 1896 na kufika Kisumu 1901 ililetewa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na baadaye ndiyo iliyowateremsha watu wa bara kuja kufanya kazi bandarini Kilindini. Frere Town ilianzishwa na wamisionari 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kengele yake bado ipo pale Kengeleni, mahali ambapo wanafunzi wengi hupita kila siku bila kujua kwa nini paliitwa hivyo. Wapo waliokuja kwa jahazi kutoka Hadhramaut au kutoka visiwa vya Lamu, wapo walioteremka kutoka Kaloleni na Kinango kutafuta kibarua, na wapo Wapemba, jamii ambayo serikali iliitambua rasmi kuwa ya Kenya 2023 baada ya vizazi kadhaa vya kuvua samaki katika pwani hii. Mtoto akijua mstari wake unapita kwenye mojawapo ya sababu hizi, somo la historia huacha kuwa habari za watu wengine.

*Uhakiki.* Mahali ni rahisi kuhakiki kuliko mwaka. Mwanafunzi amwulize mtu wa pili swali lilelile, na aulize pia familia ilikuja kwa chombo gani, kwa sababu kama jibu ni treni, safari haiwezi kuwa ya kabla ya reli.

*Panapotaka hadhari.* Ramani ina hatari yake ambayo mgeni wa pwani anaweza asiione. Maneno "mwenyeji", "mtu wa bara" na "wakuja" yamebeba uzito wa ardhi na siasa hapa kwetu, na watoto huyasikia nyumbani. Ramani iliyosimamiwa vibaya huwagawa wanafunzi kuwa wenye mji na wageni wao. Dawa yangu ni kuanza na mstari wa kila mtu, hata wa mwenye ukoo wa Miji Kumi na Miwili, yaani koo za Waswahili wenyeji wa Mombasa, ambaye mababu zake walihama kutoka sehemu moja ya pwani hadi nyingine, ili ionekane kwamba kila nyumba ina safari. Familia iliyohama kwa kukimbia vita au kwa kufukuzwa shambani iachiwe hiari ya kuanzia mstari wake pale inapotaka.

*Inayemfaa.* Mtoto ambaye familia yake imehamia Mombasa karibuni na anadhani hana historia hapa, darasa lenye mchanganyiko mkubwa wa makabila, na mwalimu anayetaka kuunganisha mradi na somo la jiografia.

Uchague ipi, kwa hali uliyonayo

Ikiwa una juma moja tu na wanafunzi wengi, mti wa ukoo kwenye karatasi tupu au kitu kimoja cha nyumbani ndivyo vinavyowezekana kwa haki. Kati ya hivyo viwili, tazama ni wangapi darasani wanaolelewa na mzazi mmoja au na jamaa. Wakiwa wengi, chukua kitu.

Ikiwa una majuma mawili au zaidi na unajua wengi wana mzee wa kumfikia, fanya mahojiano. Njia nyingine zote zinaweza kusubiri: mti unaweza kuchorwa mwaka ujao, na mbuzi ya nazi itakuwa palepale jikoni, lakini mzee huyu na sauti yake hawana ahadi ya mwaka ujao.

Ikiwa wewe ni mzazi na shule imekwisha kuchagua njia isiyoifaa nyumba yako, mwandikie mwalimu au umwone mapema, mweleze kwa ufupi bila kutoa siri, umwombe mtoto abadilishiwe njia. Mwalimu mwema atakubali, kwa kuwa ustadi unaopimwa unaweza kupimwa kwa njia yoyote kati ya hizi. Usimfundishe mtoto kubuni babu ili ajaze kisanduku.

Ikiwa mtoto anasoma vizuri lakini haandiki vizuri, mahojiano ya sauti au maelezo ya kitu kwa mdomo yatamtendea haki kuliko mti. Ikiwa anapenda kuchora na hesabu, mpe ramani, umwongezee kazi ya kupima umbali wa safari na kukadiria ilichukua siku ngapi kwa jahazi, kwa miguu au kwa treni.

Ikiwa familia imetawanyika, baba Nairobi, bibi Kitui na ami Saudia, ramani huyageuza mapengo kuwa habari, na mahojiano mafupi ya simu yanaweza kufuata juu yake. Kuchanganya njia mbili kunaruhusiwa, mradi ya pili izaliwe na swali lililotoka kwenye ya kwanza, kama mbuzi ya nazi ilivyomrudisha mwanafunzi yule nyumbani kwenda kuuliza.

Na kwa mtoto anayeishi katika makao ya watoto, au ambaye jamaa zake hawajulikani walipo, usitoe mti wala ramani ya mababu kabisa kwa darasa zima bila kumpa njia nyingine iliyo sawa kwa uzito na kwa alama. Mimi humwomba mtoto wa hali hiyo achague mtu mzima mmoja anayemwamini, awe mlezi, mpishi wa makao au mwalimu wa madrasa au wa kanisani, amhoji jinsi alivyofika Mombasa na kazi yake ya kwanza, na kazi hiyo huiweka ukutani pamoja na nyingine zote, bila alama yoyote ya kuitofautisha.